Kutunza hesabu nyumbani: ada itoke wapi?

Mhasibu anayetaka kuanzia kazi sebuleni kwake Tanga hahitaji kibao mlangoni. Anahitaji wateja kama wenye maduka wa Ngamiani, wanaorundika stakabadhi kwenye boksi la viatu hadi siku ya kwenda TRA.

Kwa viwango vya mwaka 2022, mwenye mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 250,000/=. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000/= pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 150,000/=. Ameokoa 100,000/=, na ada lazima itoshee humo. Ikiwa 10,000/= kwa mwezi, mteja amekula hasara. Ikiwa 5,000/=, anabakiwa na 40,000/=, lakini mhasibu atahitaji wateja 20 ili apate laki moja kwa mwezi. Si nyingi.

Wafanyabiashara wa machungwa ya Muheza watozwe wakati wa mavuno. Nje ya msimu hawana kitu.

Kukagua hesabu na kuzitia saini ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ni ya waliosajiliwa na NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972.