Soma Mita Kabla ya Bili Kukufikia

Wakaazi wengi huijua gharama ya maji siku bili inapofika, wakati maji yenyewe yameshatumika na lililobaki ni kulipa. Ukishindwa kulipa, maji hukatwa, na kurudishiwa huwa na ada yake. Lakini mita iliyo nyumbani kwako inaweza kukueleza mapema maji yanakwenda wapi. Katika somo hili tutajifunza kuisoma, kutafuta mahali maji yanapovuja, na kupunguza matumizi bila familia kukosa maji ya kutosha.

Maji yetu yanatoka mbali

Kaunti ya Mombasa haina mto wa maji matamu wa kutegemea. Maji ya mfereji hutoka kaunti jirani: Chemchemi za Mzima katika Taita-Taveta, ambazo maji yake husafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Maji hayo hayatoshi mahitaji ya mji, ndiyo maana tuna mgao. Yanayovuja kwako usiku unayalipia wewe, na jirani yako anayakosa.

Jinsi ya kusoma mita

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwenye mita nyingi, tarakimu nyeusi huonyesha uniti kamili, na tarakimu nyekundu au mishale midogo huonyesha lita. Bili huhesabiwa kwa uniti.

Tuchukue mfano. Tarehe 1 mita inasoma 00398. Siku 30 baadaye inasoma 00412. Toa ya kwanza kwenye ya pili: umetumia uniti 14, sawa na mitungi 700. Ikiwa nyumba ina watu 5, kila mmoja ametumia karibu lita 93 kwa siku.

Tazama pia bili yako inavyopangwa. Bei ya maji huenda kwa madaraja: uniti za mwanzo ni nafuu, na ukivuka kiwango hicho, zinazofuata hutozwa zaidi. Kwa hiyo uniti unazookoa kwanza ni zile za bei ya juu. Nyumba iliyounganishwa na bomba la majitaka hutozwa pia ada ya majitaka, ambayo hutegemea kiasi cha maji kilichopita kwenye mita. Ukiokoa maji, unapunguza gharama zote mbili.

Jaribio la usiku mmoja

1. Chagua usiku ambao maji ya mgao yapo na tenki limeshajaa.
2. Kabla ya kulala, funga mifereji yote na uandike tarakimu zote za mita, nyeusi na nyekundu.
3. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji wala kwenda chooni, soma tena.

Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Zikiongezeka kwa lita 60 katika saa 6, hizo ni lita 10 kwa saa, lita 240 kwa siku na lita 7,200 kwa mwezi. Utalipia zaidi ya uniti 7 ambazo hakuna aliyeziona.

Ili kujua panapovuja, funga koki inayoingiza maji kwenye tenki na utazame mita. Ikisimama, tatizo liko kwenye tenki au ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, huenda bomba kati ya mita na tenki limepasuka. Tafuta mahali ambapo udongo una unyevu hata jua likiwaka.

Sehemu tatu za kukagua kwanza

Choo. Mimina chai nzito ya rangi kwenye tangi la kuflashia, usubiri nusu saa bila kuflash. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa kuzuia maji umechakaa. Huu ni uvujaji usio na sauti, na unaweza kuendelea kwa miezi.

Tenki. Boya likiharibika, maji hayakomi kuingia na humwagika kupitia bomba la juu. Kagua usiku, maana hapo ndipo maji huwa na nguvu.

Mfereji. Weka chupa ya nusu lita chini ya mfereji unaodondosha. Ikijaa kwa dakika 30, unapoteza lita 24 kwa siku, karibu lita 720 kwa mwezi. Mara nyingi dawa yake ni kubadilisha mpira mdogo tu ulio ndani.

Mazoea ya kila siku

Oga kwa ndoo, au funga shawa unapojipaka sabuni. Osha vyombo na usuuze kwa beseni badala ya kuacha mfereji wazi. Maji ya kusuuzia nguo yatumie kupiga deki au kumwagia chooni. Weka chupa ya lita moja iliyojaa maji ndani ya tangi la choo, pasipogusa boya. Familia inayoflash mara 20 kwa siku itaokoa karibu lita 600 kwa mwezi. Ikiwa una kisima cha maji ya chumvi, yatumie chooni na kwa usafi wa sakafu, si kwa kunywa wala kupikia.

Maji yakikatika, hakikisha mifereji yote imefungwa. Ukiuacha mmoja wazi, mgao ukirudi saa nane za usiku utamwagika hadi kuche.

Kwa wanaoishi ploti yenye mita moja, fanyeni jaribio hili pamoja na mwenye nyumba. Bili inayogawanywa kwa usawa huwafanya wote walipie choo kimoja kibovu.

Weka kumbukumbu

Andika usomaji wa mita kila wiki, siku ileile. Bili ikifika, linganisha na daftari lako, na uangalie kama kampuni ilisoma mita au ilikadiria. Zikitofautiana, peleka daftari na picha ya mita kwenye ofisi ya kampuni ya maji. Usiporidhika na jibu, unaweza kulalamika kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini. Kumbuka kwamba kwa kawaida bomba lililopita mita ni jukumu la mwenye nyumba, na lililo kabla ya mita ni la kampuni. Ukiona limepasuka barabarani, toa taarifa mara moja.

Anza na jaribio la usiku mmoja. Kalamu, karatasi na tochi vinatosha.