Mtambo Uandikao na Ukweli wa Jumba la Maajabu

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mkabala na bustani ya Forodhani, lipo Jumba la Maajabu, ambalo pia huitwa Beit al-Ajaib. Lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara wake na sehemu ya upande wa mbele viliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likianguka, kinachobaki kulieleza ni picha, michoro, nyaraka na kumbukumbu za watu. Kwa hiyo maneno tunayoyaandika juu yake si pambo tu. Nayo ni sehemu ya urithi. Yakiwa ya uongo, jengo huanguka mara ya pili.

Siku hizi mfanyakazi wa makumbusho, wa chuo cha muziki au wa kamati ya tamasha anaweza kuiagiza kompyuta imwandikie kibao cha maelezo, barua ya kuomba msaada au kijitabu cha wageni. Mtambo ufanyao kazi hiyo hutumia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: jinsi mtambo huo unavyotunga maneno, kwa nini hukosea, na jinsi ya kuutumia bila kuacha dhamana yetu.

Mtambo hutungaje maneno?

Mwalimu akiandika ubaoni maneno "Haba na haba hujaza", darasa zima litajibu "kibaba". Hakuna mwanafunzi aliyepima nafaka ili apate jibu hilo. Amelipata kwa sababu amesikia maneno hayo yakifuatana mara nyingi. Mtambo nao hufanya kazi kwa kanuni inayofanana na hiyo. Umepitishiwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo umejifunza kukadiria ni neno gani lina nafasi kubwa zaidi ya kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Huchagua moja, huliongeza, kisha huanza kukadiria upya, mpaka habari ikamilike.

Kwa hakika, mtambo hausomi neno zima kama tusomavyo sisi. Huligawa katika vipande, na kila kipande hupewa namba. Neno "hawakutuandikia", ambalo mwanasarufi hulichambua kuwa ha-wa-ku-tu-andik-i-a, mtambo huweza kulikata mahali pengine kabisa, kwa kuwa hufuata wingi wa kutokea kwa herufi pamoja, wala haufuati sarufi. Muundo ambao mitambo mingi ya sasa imejengwa juu yake ulielezwa na watafiti wa kampuni ya Google mwaka 2017. Programu ya ChatGPT, iliyoufanya ujuzi huu ujulikane na watu wengi, ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022.

Yafaa tuzingatie jambo moja. Kazi ya msingi ya mtambo ni kutoa maneno yanayoelekea kufuatana. Maneno yanayoelekea kufuatana aghalabu huwa ya kweli, lakini si lazima yawe ya kweli. Hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Mfano wa kupima

Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe, wa aina ya maandishi ambayo mtambo huweza kuyatoa:

"Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash pamoja na mnara wake wa saa. Mnara huo umesimama tangu siku hiyo. Vita vya mwaka 1896 vilidumu dakika 38. Wazee wa mji husema kuwa jumba hili lilimshangaza kila mgeni."

Sarufi yake ni safi, na mtu asiyeijua habari ataipokea bila shaka. Sasa tuipime kauli moja moja.

Kauli ya kwanza ina ukweli na kosa ndani yake. Mwaka na jina la Sultani ni sahihi. Lakini hapo awali mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga eneo hilo. Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, liliharibiwa, lakini Jumba la Maajabu lilipata madhara madogo. Katika matengenezo ya mwaka 1897 ndipo mnara mpya wa saa ulipounganishwa na jumba lenyewe. Picha zilizopigwa kabla ya vita zinatosha kuonyesha tofauti hiyo. Mtambo umeunganisha mnara na mwaka 1883 kwa sababu maneno hayo mawili hukaa karibu karibu katika maandishi mengi.

Kauli ya pili ni ya uongo. Mnara wa mwaka 1897 haukuwa ule wa kwanza, nao uliporomoka mwaka 2020. Kauli ya tatu inaficha khitilafu: vitabu vingine husema dakika 38, vingine 40, na vingine 45. Mwandishi mwaminifu angeitaja khitilafu hiyo. Kauli ya nne ndiyo yenye hatari kuliko zote. Ni wazee gani waliosema? Ni nani aliyewauliza, na lini? Mtambo haukukaa barazani na mzee yeyote. Umeweka neno "wazee" kwa sababu maandishi ya namna hii hupenda kuwataja.

Hesabu ya makosa

Mtu anaweza kusema, "Mtambo ukipatia mara 95 katika 100, si inatosha?" Tufanye hesabu. Tuchukulie kuwa kila kauli ina nafasi ya 0.95 ya kuwa sahihi, na kwamba kauli moja haitegemei nyingine. Kijitabu kina kauli 20. Nafasi ya kauli zote 20 kuwa sahihi ni 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 20, nayo ni kama 0.36. Yaani katika vijitabu 100 vya namna hiyo, takriban 36 tu ndivyo vitakavyokuwa havina kosa. Kiwango kinachoonekana kizuri kwa kauli moja hakitoshi kwa kitabu kizima.

Kosa nalo halikai mahali pamoja. Kijitabu kikiwekwa katika intaneti, mwanafunzi hukinakili, mwongozaji wa watalii hukisimulia, na mtambo mwingine hujifunza kutokana nacho. Baada ya miaka michache kosa huwa na mashahidi wengi, nao wote wamelipata kwa yule yule mmoja. Kwa lugha yenye maandishi mengi sana, kosa moja ni tone baharini. Kiswahili kina maandishi machache katika intaneti kuliko Kiingereza, kwa hiyo tone letu limo kisimani.

Hatari nyingine ni ya lugha yenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Unguja haina Kiunguja cha mjini peke yake. Kusini kuna Kimakunduchi, na kaskazini kuna Kitumbatu. Ukiupa mtambo maneno ya bibi wa Makunduchi, huenda ukayanyoosha yote yawe sanifu, ukidhani unasahihisha. Lililo ushahidi kwa mtafiti, mtambo huliona kosa la tahajia.

Kanuni tano za matumizi

Hatusemi kwamba mtambo utupwe. Hufaa kwa kufupisha habari ndefu, kupanga vichwa vya habari, kukagua tahajia, kutoa rasimu ya tafsiri na kutayarisha maswali ya kwenda kuwauliza wazee. Lakini yafuatayo hayana budi kufuatwa.

Kwanza, upe mtambo habari ulizozithibitisha, uupangie kazi ya kuzipanga; usiuombe habari usizozijua.

Pili, kila mwaka, jina, idadi na dondoo virudishwe kwenye chanzo chake: waraka, picha au mtu. Kisichopata chanzo kifutwe.

Tatu, maneno ya mzee aliyehojiwa yahifadhiwe kama alivyoyatamka. Sauti yake, jina lake na siri za nyumba yake visiingizwe katika mtambo bila ya ridhaa yake. Vivyo hivyo, tungo za mshairi zisiingizwe bila ya idhini ya mwenyewe.

Nne, wasomaji waelezwe kwamba mtambo umesaidia, na umesaidia katika jambo gani.

Tano, pawe na mtu mmoja anayetia sahihi. Mwezi Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo juu ya maadili ya akili mnemba, nalo linashikilia kuwa dhamana ya mwisho ni ya binadamu. Mtambo hauwezi kuitwa mbele ya kamati ukajibu kwa nini uliandika hivi au vile.

Kazi ya darasa

1. Chagueni jengo moja la kale lililo karibu na shule yenu. Kila mwanafunzi aandike kauli 10 juu yake, na mbele ya kila kauli aonyeshe chanzo.

2. Ikiwa shule ina kompyuta, uagizeni mtambo uandike juu ya jengo hilo hilo. Gaweni kauli zake katika mafungu matatu: zilizothibitishwa, zilizokosewa na zisizo na chanzo. Fungu lipi ni kubwa, na kwa nini?

3. Rudieni hesabu ya makosa kwa kutumia 0.99 badala ya 0.95. Je, sasa mngekubali kutia sahihi kijitabu hicho bila ya kukikagua?

4. Mwulizeni mzee mmoja swali moja juu ya jengo hilo, mwandike jibu lake neno kwa neno. Jibu hilo mtambo haukuwa nalo. Lihifadhini.