Somo kwa Makatibu: Kuondoa Mfumo Endeshi Usiotakiwa katika Kompyuta ya Chama

Kompyuta iliyomo katika ofisi ya chama cha msingi, iwe Kinole, Matombo au Mgeta, aghalabu haikufika pale ikiwa mpya. Ilitumika kwanza mjini, ikauzwa au ikatolewa msaada, na kila aliyeitumia aliacha alama yake. Ndiyo sababu katibu huiwasha asubuhi akakuta orodha: Windows 7, Windows 10, na chini yake Ubuntu. Asipochagua upesi, mashine hujichagulia yenyewe.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza programu nyingine zote pamoja na vifaa vya kompyuta. Diski moja yaweza kubeba mifumo kadhaa, kila mmoja katika sehemu yake, ila hutumika mmoja tu kwa wakati. Kuwa na miwili si kosa. Mafundi hufanya hivyo kwa makusudi. Kwa ofisi ya chama, hata hivyo, ni hasara. Nafasi huliwa bure, na mfumo uliozeeka ni mlango wazi kwa virusi. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 marekebisho ya usalama mwezi Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi yawezekana unaostahili kubaki ni huo Ubuntu ambao katibu alikuwa akiuruka, mradi toleo lake bado linahudumiwa na programu za hesabu za chama zinafanya kazi ndani yake. Programu huria si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Uamuzi huo si wa katibu peke yake. Kompyuta ni mali ya chama. Bodi ielezwe, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari.

Kazi ya kwanza ni kuhifadhi kumbukumbu. Chukua mfano wa chama cha wakulima wa karafuu. Kilo za kila mwanachama zilizopimwa msimu mzima, hisa zake na malipo aliyokwisha kupokea, zote zaweza kuwa katika folda ya mtumiaji ndani ya mfumo ule ule unaotakiwa kufutwa. Ukifutwa, mkulima aliyeteremsha mzigo wake kichwani hana ushahidi ila karatasi ya mizani, kama hakuipoteza. Kwa hiyo katibu hana budi kuingia katika kila mfumo, mmoja baada ya mwingine, na kunakili faili zote katika diski ya nje au flashi. Kisha azifungue katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa isihesabiwe kuwa ni nakala.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Katika kompyuta yenye mifumo zaidi ya mmoja ipo programu ndogo inayoamka kwanza na kuamua ni mfumo upi uwashwe. Huyo ndiye bawabu wa mashine, na huenda anakaa nyumbani kwa yule anayefukuzwa. Bawabu wa Ubuntu huitwa GRUB. Katika kompyuta za zamani, kichwa chake kimo mwanzoni mwa diski, bali kiwiliwili kimo katika sehemu ya Ubuntu. Ukifuta sehemu hiyo, kesho yake kioo ni cheusi na kimeandikwa "grub rescue", ingawa Windows haikuguswa.

Ili kujua aina ya mashine, katibu afungue msinfo32 ndani ya Windows na kutazama mstari wa "BIOS Mode". Ikiandikwa "Legacy", ni ya zamani: kabla ya kufuta Ubuntu, iwashwe kwa flashi ya kusimikia Windows, lifunguliwe dirisha la amri na kuandikwa bootrec /fixmbr. Ikiandikwa "UEFI", yatosha kuingia katika mipangilio ya mashine na kuiweka Windows Boot Manager ya kwanza. Katika hali zote mbili mashine izimwe na kuwashwa tena. Windows ikifunguka bila GRUB, ndipo Ubuntu ifutwe.

Anayeondoa Windows ya zamani na kubakiza mpya atumie diskmgmt.msc. Sehemu iliyoandikwa "System" isifutwe hata ikiwa ni ya Windows ya zamani, kwa kuwa bawabu yumo humo. Fundi amhamishe kwanza. Anayeondoa Windows na kubakiza Ubuntu aiache sehemu ndogo ya EFI, kwani Ubuntu nayo huwakia humo, kisha atoe amri sudo update-grub.

Fundi aliyeitwa kutoka mjini aulizwe kabla ya kugusa kitu: bawabu yuko wapi? Akijibu kwamba atafuta tu, alipwe nauli arudi.

Kazi hii isifanywe umeme ukiwa wa kukatika-katika bila betri iliyojaa. Nafasi iliyopatikana Windows huweza kuiunga tu ikiwa inafuata mara moja upande wa kulia wa sehemu yake. Ikiwa kushoto, ifanywe sehemu ya pekee ya kuwekea nakala za stakabadhi. Ile diski ya nje ifungiwe katika sefu ya chama mpaka ukaguzi wa COASCO wa mwaka huo umalizike.