SOMO KWA VYAMA: KUCHAGUA MAGURUDUMU YA KIFUNIKO CHA VISU KATIKA TREKTA DOGO LA ZAMANI

Chama chenye trekta dogo la kukatia majani, liwe limenunuliwa au limerithiwa pamoja na shamba, hufika siku kikaona majani ya uwanja wa ghala au ya baina ya mistari ya michungwa yamekatwa kwa mabaka: hapa marefu, pale udongo umechunwa hadi mizizi. Mara nyingi lawama humwangukia dereva. Pengine dereva hana kosa. Magurudumu madogo yaliyo pembeni mwa kifuniko cha visu yamekwisha, na kisu kinashuka hadi kwenye mawe. Kisu kikigonga jiwe, jiwe huweza kuruka likamjeruhi mpita njia, na mhimili wa kisu huweza kupinda. Mhimili huo hugharimu zaidi ya magurudumu yote.

Kabla ya kununua chochote yafaa kujua kazi ya magurudumu hayo. Katika matrekta mengi ya namna hii, kifuniko cha visu huning'inia chini ya tumbo la trekta kwa vyuma vyake. Magurudumu hayakibebi. Kazi yao ni kugusa ardhi pale tu penye kichuguu au ukingo, yakiinue kifuniko kisichune udongo. Kwa hiyo juu ya ardhi tambarare yapaswa kuelea kidogo, kwa kawaida milimita 6 hadi 12, isipokuwa kitabu cha mashine kiwe kimeagiza vingine. Mashine inayokokotwa nyuma ya trekta ni jambo jingine kabisa: magurudumu yake hubeba uzito wakati wote, na huhitaji beringi na ekseli ya nguvu. Katibu anayemwambia muuzaji “nataka magurudumu ya mashine ya majani” bila kutaja ni ya aina ipi, atapewa yoyote yaliyopo rafuni.

Hapo hufuata vipimo, navyo ni vinne: kimo cha gurudumu, upana wake, urefu wa kitovu chake, na kipenyo cha tundu linalopitisha bolti. Ikumbukwe kwamba gurudumu lililolika halisemi kweli. Kimo kipimwe katika lile lililolika kidogo kuliko yote. Tundu nalo huwa limetanuka na kuwa mviringo wa yai, hivyo afadhali kupima bolti yenyewe, sehemu ya karibu na kichwa ambayo gurudumu halikuisugua. Pasipo kalipa, fundi aweza kuingiza vyuma vya keekee vyenye namba hadi apate kinachoenea.

Tofauti ndogo ya kimo si jambo la kupuuzwa. Gurudumu la inchi 5 lina kimo cha milimita 127, na la inchi 6 lina milimita 152.4. Kwa kuwa bolti haihami mahali pake, gurudumu kubwa zaidi hushuka chini kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 12.7. Gurudumu lililokusudiwa kuelea sasa linagusa ardhi daima na kubeba mzigo ambao mkono wake wa chuma haukuundiwa. Baada ya muda mkono hupinda, kisha fundi huambiwa kuwa gurudumu lilikuwa bovu.

Matrekta ya zamani yaliyotoka Marekani yaliundwa kwa inchi. Mathalani Cub Cadet ya International Harvester, iliyotoka mwaka 1961, na John Deere 110 ya mwaka 1963. Tundu la nusu inchi ni milimita 12.7. Bolti ya milimita 12 huingia, lakini hucheza. Ya milimita 13 haiingii, na fundi mwenye haraka atalitoboa gurudumu jipya siku ya kwanza. Si ajabu kukuta katika stoo ya chama magurudumu mapya kabisa yasiyoingia popote, nayo yamelipiwa kwa hati halali yenye sahihi zote.

Bolti yastahili kuangaliwa kuliko inavyoangaliwa. Bolti ifaayo ni yenye bega: shina laini ambalo gurudumu huzungukia, kisha sehemu nyembamba yenye nyuzi inayokazwa kwa nati. Bega liwe refu kupita kitovu kwa milimita moja hivi, ili nati ikazwe sawasawa bila kulibana gurudumu. Bolti ya kawaida yenye nyuzi hadi katikati hufanya kazi ya tupa ndani ya tundu, na gurudumu la plastiki halitamaliza msimu.

Kuhusu mali ghafi, plastiki ngumu ni nyepesi na ya bei ndogo, na ikiwa na bushi ya shaba hudumu zaidi. Mpira mgumu usio na upepo hupunguza mshtuko. Gurudumu la upepo halifai penye miiba. Chuma kitupu hakiliki upesi, lakini hupeleka kila pigo kwenye mkono wa kifuniko.

Bei nayo ihesabiwe kwa misimu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: magurudumu mawili ya shilingi 15,000 kila moja, yanayodumu msimu mmoja, yatagharimu shilingi 120,000 kwa misimu minne. Mawili ya shilingi 40,000 kila moja, yakidumu misimu hiyo yote, ni shilingi 80,000, tena fundi ameitwa mara moja badala ya nne. Lakini ikiwa bati la kifuniko limeoza kwa kutu, au kamati inakusudia kuliuza trekta mwakani, ya bei ndogo yatatosha.

Wakati wa kufunga, injini izimwe, ufunguo utolewe na waya wa plagi uchomolewe. Kifuniko kiegemezwe kwa magogo imara, si kwa jeki peke yake. Upepo wa matairi ya kushoto na kulia uwe sawa, trekta lisimame juu ya sakafu ya saruji, kifuniko kishushwe kwenye kimo cha kukatia, ndipo nafasi chini ya kila gurudumu ipimwe.

Kwa upande wa ofisi, katibu aandike namba ya modeli kutoka kwenye kibati cha trekta, apeleke gurudumu la zamani dukani kama sampuli pamoja na bolti yake, na adai ankara inayotaja vipimo. Neno “magurudumu” peke yake halitoshi. Vipimo hivyo viingizwe katika daftari la trekta. Magurudumu yaliyotolewa yarudishwe stoo, yafungwe kibandiko chenye tarehe na namba ya hati ya malipo, yakae hapo mpaka mkaguzi atakapoyaona.