Nunua vipimo, si jina: maswali na majibu kuhusu oringi za vichupa vya jiokashi

Jiokashi ni mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata nambari za GPS. Ulianza Marekani mwezi Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia wengine mahali ilipo. Siku hizi ndoo ni nadra. Vingi vinavyofichwa ni vichupa vya alumini vya kutosha kwenye kiganja, na ndani mna karatasi ambayo kila anayekipata huandika jina lake. Karatasi hiyo inakingwa na mpira mwembamba wa duara ambao mafundi wetu huuita oringi. Oringi ikichoka, majina yote huwa uji. Fundi wetu anajibu maswali ya wanaotafuta mpira mpya.

Fundi, nimezunguka maduka nikiulizia mpira wa kichupa cha jiokashi, kila muuzaji ananishangaa. Unauzwa wapi?

Kwa jina hilo ni vigumu kuupata kwenye maduka ya kawaida. Aliyetengeneza kichupa hakutengeneza mpira; alichukua oringi ya kawaida iliyokuwa sokoni, akachonga mfuo wa kuitosha. Mpira huohuo, kwa vipimo vilevile, unaweza kuwa ndani ya bomba la maji, kabureta ya pikipiki au tochi ya mzamiaji. Kwa hiyo usimpe muuzaji jina la kichupa, mpe vipimo. Nenda duka la beringi, la vifaa vya mabomba au la spea: Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka mjini Kampala. Ukienda na vipimo viwili kwenye karatasi, maelezo mengine hayahitajiki.

Vipimo viwili vipi?

Kipenyo cha ndani, yaani upana wa tundu, na unene wa mpira wenyewe. Watu wengi hupima upana wa nje peke yake, kisha wanarudi nyumbani na oringi inayoonekana sawa lakini haizibi. Oringi huziba kwa kubanwa. Ikiwa na unene wa milimita 1.78 na ikabanwa kwa robo, hubaki na kimo cha milimita 1.33 hivi, na nguvu yake ya kutaka kurudi katika hali yake ndiyo inayofunga njia ya maji. Ikiwa nyembamba kupita kiasi, kifuniko hufika mwisho kabla haijabanwa. Ikiwa nene kupita kiasi, huchomoka kwenye mfuo na kukatwa na nyuzi za kifuniko. Ndiyo maana unene ni wa kwanza, kipenyo ni cha pili.

Kipenyo chenyewe kiwe kidogo kuliko shingo inapovalishwa, ili mpira ujishike bila kulegea. Mvutano wa asilimia 1 hadi 5 unatosha. Tuseme shingo chini ya mfuo ina milimita 9.5. Oringi ya milimita 9.25 itavutika kwa asilimia 2.7 hivi, ikae vizuri. Ya milimita 8 itavutika karibu asilimia 19: itaingia, lakini itakuwa imekonda, na itapasuka kabla ya wakati wake.

Mpira wangu wa zamani umebonyea kama chapati. Nitajuaje ulikuwa na unene gani?

Mpira haupungui kwa kubanwa. Unahama tu, ukishuka kimo unapanuka ubavu. Basi pima kimo na upana wa mpira uliobonyea, zidisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ukipata kimo 1.5 na upana 2.1, jibu la kuzidisha ni 3.15, na kipeuo chake ni karibu 1.78. Hapo unajua ulikuwa mpira wa milimita 1.78. Hesabu hii haifai kama mpira umelowa mafuta ukavimba, au umeliwa na jua ukapasuka.

Mpira ukiwa umepotea kabisa, pima mfuo. Upana wa mfuo kwa kawaida ni kama mara 1.3 hadi 1.4 ya unene wa oringi, maana mpira unaobanwa lazima upate pa kuhamia.

Sina kalipa. Rula ya mtoto inatosha?

Kwa kipenyo, tumia biti za drili, ambazo zimeandikwa vipimo. Ingiza mpira kwenye mashina ya biti, moja baada ya nyingine, mpaka upate linaloujaza bila kuuvuta. Kwa unene, rula ya kupima mpira mmoja itakudanganya, kwa kuwa tofauti ya oringi ya milimita 1.5 na ya 1.78 jicho haliioni. Lakini dukani unaweza kumwomba muuzaji oringi 10 za aina moja, uzipange zigusane ubavu kwa ubavu bila kuzibana. Za 1.78 zitafika milimita 17.8, za 1.9 zitafika 19, za 2 zitafika 20. Rula ya mtoto inaiona tofauti hiyo.

Muuzaji aliniuliza, "Ya inchi, ya milimita au ya Kijapani?" Nikanyamaza.

Huyo anajua kazi yake, usimwache. Kuna familia kuu tatu. Ya Kimarekani, AS568, ilianza kwa inchi, ndiyo sababu unene wake una sehemu za ajabu: 1.78, 2.62, 3.53. Ya milimita huenda kwa namba nyepesi: 1, 1.5, 2, 2.5, 3. Ya Kijapani, JIS, ina herufi P, na zile ndogo zina unene wa 1.9 au 2.4. Kwa mfano, P10 ina kipenyo cha 9.8 na unene wa 1.9, P10A ina kipenyo hicho hicho lakini unene wa 2.4. Herufi moja inakuharibia safari.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako magari na pikipiki nyingi zina asili ya Japani, usishangae kukuta duka la spea limejaa za P. Kichupa kilichobuniwa Marekani kina uwezekano mkubwa wa kutaka AS568. Kwa vichupa vidogo, kumbuka namba mbili: 010 ina kipenyo cha 6.07 na 012 ina 9.25, zote zikiwa na unene wa 1.78. Ukikosa ya 1.78, ya 1.9 huweza kufaa pale penye mfuo wenye nafasi. Ijaribu kabla ya kununua nyingi. Ya 1.5 iache.

Nyeusi, nyekundu, ya kijani: nichukue ipi?

Usichague kwa rangi, uliza ni mpira gani. Nitraili ndiyo nyeusi ya bei nafuu iliyojaa kila duka. Inavumilia mafuta na grisi, ila jua na ozoni huipasua. EPDM, ambayo mara nyingi nayo ni nyeusi, hustahimili jua, mvua na miaka, na hupatikana kwa wauza vifaa vya maji. Adui yake ni mafuta ya petroli. Kwa kichupa kinachokaa nje, EPDM ndiyo chaguo langu la kwanza. Nitraili ni ya pili, na haina aibu, kwa kuwa mpira ukiwa chini ya kifuniko jua haliufikii sana.

Silikoni inasifiwa kupita kiasi. Ni laini na inavumilia joto na baridi, lakini inachanika upesi, na hupitisha mvuke wa maji kuliko mipira mingine niliyoitaja.

Mimi niko Minnesota, huku baridi inashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Nilishauriwa ninunue Viton kwa sababu ni ghali na imara.

Ndugu yangu, bei isikudanganye. Viton ni imara mbele ya kemikali na joto kali, lakini aina ya kawaida huanza kukakamaa kwenye nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Oringi za roketi za chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986, zilikuwa za aina hiyo ya mpira, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali. Mpira uliokakamaa haurudi haraka unakotakiwa. Wewe chukua EPDM au silikoni. Zote mbili hubaki laini kwenye baridi yako.

Nipake grisi? Vaselini si inatosha?

Paka kidogo sana, kiasi cha kuufanya mpira ung'ae tu. Grisi huufanya uteleze badala ya kujikunja kifuniko kinapozungushwa, na huzuia nyuzi za alumini zisigande kwa chumvi, jambo linalotokea sana pwani. Sheria ya kukumbuka ni hii: grisi isiwe ya ukoo mmoja na mpira unaoipokea. Grisi ya silikoni inafaa kwa nitraili na EPDM, lakini huvimbisha oringi ya silikoni. Vaselini inatokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo nitraili inaivumilia na EPDM inaharibika. Kama hujui mpira wako ni nitraili au EPDM, grisi ya silikoni iko salama kwa zote mbili.

Je, nikikata mpira wa tyubu ya baiskeli?

Inategemea umbo. Kama kifuniko kinakutana na mdomo wa kichupa ana kwa ana, kipande bapa cha tyubu kilichokatwa duara kitaziba vizuri; tyubu nyingi ni za mpira wa butili, na hakuna mpira wa kawaida unaozuia hewa kama huo. Kata kwa ncha kali ya bomba dogo lililonolewa, usikate kwa mkasi, maana mkasi huacha kingo zenye meno. Lakini pale penye mfuo wa mviringo, tyubu haifai, kwa kuwa huwezi kuikata iwe na unene sawa pande zote.

Nimeweka oringi mpya, vipimo sahihi, na bado karatasi inalowa. Jirani anasema ni unyevu wa hewa tu.

Tumpigie jirani hesabu. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu kabisa ina gramu 30 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kichupa cha mililita 5 kinabeba basi takriban miligramu 0.15. Tone moja la maji lina miligramu 50 hivi, zaidi ya mara 300 ya hizo. Unyevu wa hewa peke yake haulowanishi karatasi. Ama maji yanaingia, ama aliyetangulia alirudisha karatasi mbichi.

Namna maji yanavyoingia ni hii. Alasiri kichupa kwenye nguzo ya chuma hufika nyuzi 50. Mvua inanyesha, kinapoa ghafla hadi 20. Hewa ya ndani inapungua shinikizo kwa asilimia 9 hivi, na maji yaliyokaa kwenye nyuzi za kifuniko yananyonywa kupitia upenyo wowote, hata wa unywele. Kwa hiyo kagua mambo matatu: chembe ya mchanga kwenye mfuo, ukingo wa karatasi uliobanwa na kifuniko, na mkwaruzo mahali mpira unapolala.

Nitajaribuje nyumbani kabla ya kukificha?

Weka kipande cha tishu kavu ndani, funga kwa nguvu ya vidole tu, bila koleo. Kizamishe kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka na uangalie mapovu. Mapovu machache ya mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyojificha nje kwenye nyuzi; yanayoendelea kutoka mahali pamoja ni ya ndani. Kisha kihamishie mara moja kwenye maji baridi, kikae saa moja. Kikaushe vizuri nje kabla ya kukifungua, la sivyo utalilaumu tone ulilolitia mwenyewe. Jaribio la maji baridi peke yake halitoshi, maana halinyonyi.

Na vile vidogo kabisa vya sumaku, au masanduku ya plastiki?

Vile vya sumaku vilivyo sawa na ncha ya kidole, vingine vina oringi ndogo mno na vingine havina kabisa. Vifiche mahali pasipofikiwa na mvua. Masanduku ya kufunga kwa ndoana pande nne yana ukanda wa silikoni kwenye kifuniko. Utoe, uoshe kwa sabuni, uugeuze, na mara nyingi utafanya kazi tena. Masanduku ya risasi ya jeshi yana mpira mpana kwenye kifuniko, na hapo ndipo ukanda wa mpira wa kukata na kuunga kwa gundi unapofaa.

Ni lini niache kutafuta mpira nitupe kichupa?

Pitisha ukucha mahali oringi inapolala. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo unaovuka kutoka nje kwenda ndani, au ukigusa vishimo vya kutu nyeupe ya alumini, hakuna oringi duniani itakayoziba. Vivyo hivyo kifuniko kinachocheza baada ya kukazwa. Kabla ya kukitupa, toa mpira wake kama bado mzima, andika vipimo vyake kwenye mfuko mdogo, uuweke gizani mbali na mota za umeme, ambazo hutoa ozoni. Utakapokuja kuhitaji mwingine, mfuko huo utakuambia cha kununua.