Dakika Kumi za Yoga Nyumbani: Somo kwa Mlaji Mwenye Shughuli Nyingi

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji anatarajiwa:
(a) kupanga zoezi la yoga la kila siku bila kuvuruga shughuli zake;
(b) kutambua vifaa anavyovihitaji kweli na vile asivyovihitaji;
(c) kuzipima ahadi za wauzaji wa mafunzo na bidhaa za yoga kabla ya kulipa;
(d) kujua pa kupeleka lalamiko lake.

1. Yoga na mlaji

Yoga ni mazoezi ya viungo, pumzi na utulivu wa fikra yenye asili ya India. Mwezi Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu mwaka 2015 siku hiyo huadhimishwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Kadiri jina hili linavyozidi kusikika, ndivyo yanavyoongezeka mambo yanayouzwa kwa jina hilo: madarasa, mikeka maalumu, mavazi, video za kulipia kwenye simu, na wakati mwingine dawa zinazodaiwa kuandamana na mazoezi. Hapo ndipo suala la afya linapogeuka kuwa suala la mlaji pia.

Wito wa kufanya mazoezi si mgeni nchini mwetu. Mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, kama vile kutembea kwa haraka, na afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wa awali ulitaka kila zoezi lidumu dakika 10 au zaidi ndipo lihesabiwe. Mwongozo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi hiyo ni habari njema, kwa kuwa hata mwendo mfupi una thamani yake.

Ni haki tuseme wazi kwamba mikao ya yoga ya polepole haichukui nafasi ya kutembea au kulima. Faida yake kubwa ni kunyoosha viungo, kuimarisha mizani ya mwili na kutuliza pumzi. Iongezwe juu ya mwendo wa kila siku, isiwe badala yake.

2. Kuzipata dakika kumi: mfano wa Soga

Tumeichagua Soga, mkoani Pwani, katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe, kwa sababu siku ya mkazi wake inafanana na ya Watanzania wengi waishio kati ya shamba na jiji. Wapo walimao mihogo na korosho. Wapo wenye genge, kibanda cha chakula au bodaboda. Tangu treni za reli ya kisasa zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, Soga ikiwa mojawapo ya vituo, wapo pia wanaopanga siku yao kwa saa ya treni. Ukimwambia mmoja wa watu hawa atenge saa nzima ya mazoezi, atakuitikia kwa adabu, kisha hatafanya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usitafute muda mpya, liambatanishe zoezi na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Jambo hilo ndilo litakalokukumbusha. Mifano ni hii:

• Anayesali alfajiri anaweza kuutumia mkeka uleule mara baada ya sala, kabla ya kuwasha jiko.
• Anayewahi treni au basi anaweza kufanya zoezi akiwa ameshaandaa nguo na mfuko wake usiku uliotangulia. Dakika alizokuwa akipoteza kutafuta ufunguo zinatosha.
• Mkulima ameshaitumia misuli yake kwa jembe. Anachokihitaji zaidi ni kuunyoosha mgongo uliokuwa umeinama. Wakati wake unaofaa ni arudipo shambani, baada ya kunywa maji na kupumzika kidogo.
• Mwenye kibanda anaweza kuchagua kipindi wateja wanapopungua, baina ya chakula cha mchana na jioni.
• Katika mwezi wa Ramadhani, mfungaji achague mikao myepesi karibu na saa ya kufuturu, au afanye baadaye usiku chakula kikishateremka. Mikao isifanywe mara tu baada ya kushiba.

Kanuni ya pili inaihusu nyumba nzima. Katika kaya nyingi, mama ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na dakika zake humegwa na kila mwenye haja. Akiachiwa atafute muda peke yake, hataupata. Wanakaya wakubaliane waziwazi: kwa dakika hizo kumi, ni nani atambeba mtoto, na ni nani atauangalia moto? Bila makubaliano hayo, hata mpango mzuri huishia ukutani pamoja na kalenda.

Kanuni ya tatu: siku ikikupita, usiilipe kesho kwa kuongeza muda. Endelea na dakika zako kumi kama kawaida. Dakika 10 kwa siku 30 ni dakika 300, yaani saa tano kwa mwezi. Darasa moja la saa moja kwa wiki hukupa takribani saa nne, bila kuhesabu nauli wala muda wa safari.

3. Vifaa: ulivyo navyo vinatosha

Mlaji anayeanza hahitaji kununua kitu. Kwa mikao ya kusimama, simama pekupeku kwenye sakafu kavu. Mkeka wa ukindu huteleza juu ya saruji iliyosuguliwa, hivyo usisimamie juu yake kwa mguu mmoja. Kwa mikao ya kupiga magoti na kulala, mkeka au jamvi linafaa, na khanga iliyokunjwa mara nne iwekwe chini ya magoti. Khanga hiyohiyo, ikisokotwa, huwa kamba ya kuvutia mguu kwa asiyeweza kuufikia kwa mkono. Godoro halifai, kwa kuwa hubonyea na kuuachia mgongo upinde vibaya. Kiti cha plastiki kisitumike kuegemea. Ukuta ni imara zaidi.

Ukiamua baadaye kununua mkeka wa mpira, uguse kabla ya kulipa. Uweke sakafuni dukani, usimame juu yake na ujaribu kuusukuma kwa mguu. Unuse: harufu kali ya kemikali isiyoisha ni sababu tosha ya kuuacha. Dai risiti ya kielektroniki na uitunze.

4. Mfululizo wa dakika kumi

Fanya polepole, ukivuta na kutoa pumzi kwa pua. Usibane pumzi hata mara moja.

Dakika ya 1. Simama wima, miguu ikiachana kidogo, mabega yakiwa yamelegea. Sikiliza pumzi yako.

Dakika ya 2 na ya 3. Inua mikono juu unapovuta pumzi, ishushe unapoitoa. Kisha inamia upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu.

Dakika ya 4 na ya 5. Piga magoti na uweke viganja sakafuni. Uinue mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha uulegeze ushuke taratibu. Rudia.

Dakika ya 6. Kalia visigino, nyoosha mikono mbele na ushushe paji la uso kuelekea sakafu. Magoti yakiuma, keti ukiwa umenyoosha miguu.

Dakika ya 7 na ya 8. Simama karibu na ukuta, kidole kimoja kikiugusa. Inua mguu mmoja kidogo, dakika moja kwa kila upande. Zoezi hili la mizani ni muhimu hasa kwa wazee, kwa kuwa husaidia kuzuia kuanguka.

Dakika ya 9 na ya 10. Lala chali, vuta magoti kifuani, kisha nyosha miguu na utulie. Usiruke sehemu hii kwa haraka ya kwenda kazini.

Mwenye shinikizo la juu la damu asifanye mikao inayoweka kichwa chini ya moyo. Katika dakika ya 6 aketi wima. Mjamzito aulize kliniki kwanza, na katika miezi ya mwisho asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye kisukari atumiaye dawa, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, au mwenye ugonjwa wa macho, apate ushauri wa zahanati au kituo cha afya kabla ya kuanza. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au ganzi, acha mara moja na utafute huduma ya afya.

Baadhi ya wasomaji huuliza kama yoga inagongana na dini zao. Mfululizo huu ni mazoezi ya viungo tu; hauna maneno ya ibada. Mwenye shaka na amuulize kiongozi wake wa dini, na hakuna mwalimu mwenye haki ya kumlazimisha mlaji kutamka asichokiamini.

5. Kabla ya kulipa

Chukua mfano wa darasa linalotozwa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa vipindi 12. Ukihudhuria vyote, kila kipindi kimekugharimu shilingi 5,000. Ukihudhuria vitatu tu, kila kimoja kimekugharimu shilingi 20,000, nauli ikiwa nje ya hesabu. Bei iliyo nafuu kwa mwenye nafasi inaweza kuwa ghali kwa asiye nayo. Uliza: Je, naweza kulipa kwa kipindi? Nikiugua, fedha zitarudishwa? Mwalimu amefunzwa wapi, na kwa muda gani?

Kwa programu za simu, tahadhari na neno “bure”. Nyingi hutoa siku chache za majaribio, kisha hukata malipo zenyewe hadi utakapositisha. Andika tarehe ya mwisho ya majaribio kwenye kalenda, na usitishe kabla yake. Kumbuka pia gharama ya bando: video hula data nyingi, ilhali mfululizo ulio hapo juu ukishaukariri hauhitaji simu. Ulipapo kwa simu, hakiki jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

6. Ahadi za uponyaji

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Tafiti zinaonyesha kwamba yoga inaweza kupunguza kwa kiasi maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Hazionyeshi kwamba yoga huponya kisukari, shinikizo la damu, saratani au maambukizi ya VVU. Mwalimu au muuzaji anayekuambia uache dawa za hospitali kwa sababu umeanza mazoezi anauhatarisha uhai wako. Mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kujisikia mzima kabisa siku anapoacha vidonge, na bado akapata kiharusi baadaye. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya vipimo, si kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

7. Ukiwa na lalamiko

Anza na muuzaji mwenyewe, ukiwa na risiti au ujumbe wa malipo, na umweleze unachotaka: kurejeshewa fedha, kubadilishiwa bidhaa au kupewa huduma uliyoahidiwa. Asipokusikiliza, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara. Suala la ubora wa bidhaa lipelekwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Suala la dawa na vifaa tiba lipelekwe TMDA, na la mganga wa tiba asili au tiba mbadala lipelekwe Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Maswali ya kujipima

1. Ni jambo gani la kila siku utakaloliambatanisha na zoezi lako?
2. Nani nyumbani kwako anahitaji kuachiwa dakika kumi, na nani atamshikia kazi yake?
3. Umelipia darasa au programu gani miezi mitatu iliyopita, na umeitumia mara ngapi?
4. Jirani akikuambia ameacha vidonge vya presha kwa sababu anafanya yoga, utamshauri nini leo hii?

Tunamhimiza msomaji aanze na swali la nne, kwa kuwa jibu lake huenda likaokoa uhai wa mtu. Mengine matatu yanaweza kusubiri hadi kesho alfajiri, mkeka ukishatandikwa.