Mawe ya Kale ya Pwani Yetu

Watu wengi wakaao Kinondoni na Temeke husema, "Mji huu ni mpya, zamani palikuwa pori tu." Je, neno hili ni kweli? Na tutazame.

1. Kunduchi. Ukishika njia ya Bagamoyo kwenda kaskazini, utafika Kunduchi kwa wavuvi. Huko, kwenye mibuyu, yako magofu ya msikiti na makaburi ya kale, mengi ya karne ya 18. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, na katika nguzo hizo wajenzi walitia mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Basi, Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, wazee wa Kunduchi walikuwa wamekwisha kulala chini ya mawe yao.

2. Mbwamaji. Ng'ambo ya bandari, upande wa Kigamboni, ambao zamani ulikuwa sehemu ya Temeke, kiko kijiji cha Mbwamaji, karibu na Gezaulole. Huko nako yako makaburi ya kale.

3. Mawe yasemavyo. Wajenzi walikata mawe ya matumbawe, wakachoma mengine wapate chokaa ya kuyaunganisha. Nayo mabakuli yatuonyesha kwamba vyombo vilivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi, na kwamba watu wa hapa walikuwa na biashara na nchi za mbali.

4. Hasara. Mabakuli mengi yameng'olewa, pamebaki mashimo. Bakuli likikaa mahali pake ni habari. Likiisha kung'olewa ni chombo tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza uharibifu huo, lakini sheria haina macho. Macho ni yetu sisi tukaao karibu.

Labda mtu atasema, "Makaburi haya si ya dini yetu." Twamjibu: Aliyelala pale ni mzee wa nchi hii. Kama tupendavyo makaburi ya baba zetu yaheshimiwe, ndivyo itupasavyo kuyaheshimu ya wenzetu.

Maswali kwa walimu na wanafunzi:
Kwa nini bakuli lililong'olewa halisemi tena?
Katika mtaa wenu, ni mzee gani ajuaye habari za mahali pa kale? Mwendeeni mkamwulize, naye angali hai.